Kumrejesha binti shuleni baada ya kujifungua: mwongozo kamili, hatua kwa hatua (Tanzania Bara)

Tangu ulipotolewa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, binti aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi shule ya serikali. Hata hivyo familia nyingi hukwama palepale. Mzazi anakwenda kuongea na mkuu wa shule, anaambiwa "njooni Januari". Januari inafika, anaambiwa darasa limejaa. Miezi inakatika mpaka muda unaisha. Wengine wanafanikiwa kuingia, binti anavaa sare na kukaa darasani mwaka mzima, kisha mtihani unapokaribia inagundulika kwamba jina lake halimo kwenye orodha ya watahiniwa.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi, mwalimu anayetaka kusaidia, na binti mwenyewe. Unahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina wizara yake ya elimu na utaratibu wake, ambao uliruhusu mabinti kurudi shule tangu 2010, hivyo ofisi zitakazotajwa hapa si za huko.

Tangu mwanzo shika jambo hili: binti hajarudi shule siku alipovaa sare. Amerudi pale jina lake linapoonekana sehemu tatu, yaani rejista ya darasa, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, na orodha ya usajili wa mtihani. Hatua zote zinazofuata zinalenga hapo.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kwenda popote

Kusanya hivi kwenye faili moja la plastiki. Ukivitafuta kimoja kimoja baada ya kuanza, utarudishwa nyumbani mara tatu kwa jambo ambalo lingemalizika asubuhi moja.

- Nakala ya cheti cha kuzaliwa cha binti. Kama hana, anza maombi RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, lakini usisimamishe hatua nyingine ukikisubiri.
- Namba yake ya mtihani wa darasa la saba na, kama alifika huko, namba na matokeo ya upimaji wa Kidato cha Pili.
- Namba yake ya PREM, yaani namba ya mwanafunzi kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani. Kama hamuijui, shule aliyosoma mwisho inayo.
- Ripoti ya mwisho ya maendeleo, au hata daftari lenye tarehe linaloonyesha alikuwa darasa gani.
- Kadi ya kliniki ya mama na kadi ya kliniki ya mtoto. Ya mama ni kumbukumbu ya ujauzito, ya mtoto inaonyesha tarehe ya kuzaliwa. Zote mbili husaidia kuthibitisha alitoka lini na kwa sababu gani.
- Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji au mtaa mnakoishi.
- Picha ndogo 4 za binti.
- Karatasi za kutosha, na fedha ya kutolea nakala. Kila barua itatoka nakala 3.

Katika shule ya serikali ada haipo kuanzia elimu ya awali hadi Kidato cha Sita. Fedha ya kuandaa ni ya sare, viatu, madaftari, nauli, chakula cha mchana pale wazazi walipokubaliana kuchangia, na hosteli kama shule ni ya mbali. Ukiambiwa kuna mchango, uliza ulikubaliwa kwenye kikao gani, na usikubali ugeuzwe sharti la kumpokea mtoto.

## Hatua ya 1: Hesabu muda wako

Mwongozo wa serikali wa Februari 2022, unaofafanua waraka ule, unatoa miaka 2 kwa mwanafunzi aliyekatiza masomo kurudi kwenye mfumo rasmi. Inahesabiwa kuanzia alipoacha shule. Wengi wanaanza kuhesabu kutoka siku mtoto alipozaliwa, na kosa hilo linawanyang'anya miezi kadhaa.

Mfano: binti aliacha kuhudhuria mwishoni mwa Mei 2024 na akajifungua Oktoba 2024. Muda wake unaisha Mei 2026, hauendi hadi Oktoba 2026. Kwa kuwa mwaka wa masomo unaanza Januari, nafasi zake halisi za kuanza muhula ni Januari 2025, Julai 2025 na Januari 2026. Ni tatu tu, na ya kwanza inamkuta na mtoto mchanga wa miezi mitatu.

Andika tarehe ya kuacha, tarehe ya kujifungua na tarehe ya mwisho kwenye jalada la faili. Kama tarehe ya kuacha haijulikani vizuri, mwombe mwalimu wa darasa aangalie rejista ya mahudhurio ya muhula ule. Hiyo ndiyo kumbukumbu itakayosimama ukibishaniwa.

Umefanikiwa kama: unaweza kutaja bila kubahatisha muhula unaoulenga na muhula wa akiba.

## Hatua ya 2: Chagua njia

Kuna mlango wa shule rasmi na mlango wa njia mbadala. Vyote vinafika kwenye cheti cha Kidato cha Nne cha Baraza la Mitihani, ila mwendo wake haufanani.

Shule rasmi inafaa kama muda haujaisha, shule iko mahali anapoweza kwenda na kurudi, na yupo mtu wa kukaa na mtoto mchana. Akiwa huko anabaki mtahiniwa wa shule, na alama za upimaji endelevu, 30 kati ya 100, zinaingia kwenye matokeo yake ya Kidato cha Nne.

Njia mbadala inaendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kupitia vituo vyake mikoani. Humo Kidato cha Kwanza na cha Pili vinasomwa kwa mwaka 1, cha Tatu na cha Nne kwa mwaka 1. Chini ya mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, mabinti waliokatiza masomo wanasoma bila ada katika vituo vya mpango huo. Inamfaa aliyepitisha miaka miwili, mwenye umri unaomfanya aone aibu kukaa na watoto, au asiye na mtu wa kumwachia mtoto kutwa nzima.

Aliyeacha akiwa shule ya msingi na umri bado unaruhusu, arudi kwenye shule ya msingi au madarasa ya MEMKWA (mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa) yaliyomo katika baadhi ya shule hizo. Aliye kati ya miaka 14 na 19 na hataki tena masomo ya darasani peke yake, aulize ofisi ya Afisa Elimu ya Watu Wazima wa halmashauri kuhusu IPOSA, mpango unaochanganya kusoma, ufundi na ujasiriamali.

Kama muda bado upo, jaribu shule rasmi kwanza. Njia mbadala ina maana na thamani yake, lakini inambana binti asome mambo ya miaka miwili ndani ya mmoja, na hilo ni zito kwa mwenye mtoto anayelia usiku. Isitoshe, anayeanza rasmi akashindwa bado anaweza kuhamia njia mbadala. Kurudi upande wa pili baada ya miaka miwili kupita hakuwezekani kirahisi.

Onyo: uamuzi huu afanye binti pamoja na anayemlea. Binti aliyesukumwa arudi shule ile ile ambako walimcheka huacha tena kabla ya likizo ya Pasaka. Muulize anataka shule ipi, na umsikilize.

## Hatua ya 3: Panga afya ya mama na malezi ya mtoto kabla ya tarehe ya kurudi

Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika, wala haivunjwi na ofisi yoyote. Barua zote zinakuwa sawa, halafu wiki ya pili bibi anaugua, maziwa yanauma, binti anabaki nyumbani siku moja, tatu, kisha moja kwa moja.

Afya ya mama. Asirudi kabla ya kuhudhuria kliniki ya siku ya 42 baada ya kujifungua. Aliyejifungua kwa upasuaji anahitaji wiki 6 hadi 8 bila kubeba vitu vizito, kwa hiyo andika kwenye barua ya shule kwamba asipewe kazi za kubeba maji au madawati. Kama mkojo au haja kubwa inavuja bila kujizuia, hiyo ni dalili ya fistula. Inatokea zaidi kwa mabinti wadogo waliokaa na uchungu muda mrefu, na inatibika. Kituo cha afya kimpe rufaa. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo. Binti asiachwe akae nyumbani kwa aibu ya harufu wakati tiba ipo.

Mtu wa kukaa na mtoto. Mtafute wa kwanza na wa akiba. Hesabu saa zote: shule ikianza saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri, na njia ikiwa saa moja kwenda na saa moja kurudi, mtoto atakuwa bila mama kwa saa 10. Mlezi lazima ajue hivyo mapema, isije ikawa alidhani ni hadi mchana. Kubalianeni itakuwaje siku ya mnada, siku ya msiba na msimu wa kulima. Kama mlezi atalipwa au kupewa chakula, semeni kiasi chake tangu mwanzo.

Maziwa. Mtoto aliye chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama peke yake, na shule haizuii hilo kama maziwa yanakamuliwa.

1. Anza mazoezi wiki 2 kabla ya kurudi. Mama akamue kwa mkono asubuhi, mlezi amnyweshe mtoto mlo mmoja kwa kikombe kidogo kisafi. Kikombe ni bora kuliko chupa kwa sababu chuchu ya chupa ni ngumu kusafisha, na uchafu wake ndio unaoleta kuhara.
2. Osha kikombe na chombo cha kuhifadhia kwa sabuni, kisha vimwagie maji yaliyochemka.
3. Siku ya shule, mama anyonyeshe kabla tu ya kutoka, kisha akamue yatakayobaki. Akirudi, anyonyeshe mara moja, na usiku anyonyeshe mara nyingi. Kunyonyesha usiku ndiko kunakofanya maziwa yasikauke.
4. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa takribani saa 4 kwenye joto la nyuzi 25. Mchana wa Dar es Salaam au Tanga unazidi hapo, hivyo yatumike mapema zaidi, na chombo kikae kivulini ndani ya beseni la maji. Penye jokofu yanakaa hadi siku 4.
5. Maziwa aliyobakiza mtoto kwenye kikombe yasirudishwe kwenye chombo.

Kwa saa 10, akiba ya asubuhi peke yake haitoshi mtoto mdogo. Ndiyo maana shule iliyo karibu, ambako mlezi anaweza kumleta mtoto getini wakati wa mapumziko, ni bora kuliko shule nzuri ya mbali. Kama hilo haliwezekani na mtoto hajafika miezi 4, angalia tena kama muhula unaofuata hautafaa zaidi, mradi tarehe ya mwisho ya Hatua ya 1 haijakaribia.

Wiki za kwanza matiti yatajaa akiwa darasani. Akamue kidogo wakati wa mapumziko, kwa mwalimu wa kike au matroni, na avae vitambaa safi ndani. Titi likiwa jekundu, la moto, na homa ikapanda, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo huku akiendelea kunyonyesha.

Uzazi wa mpango. Wengi wanaamini anayenyonyesha hashiki mimba. Kinga hiyo ipo tu kama mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya mchana na usiku bila kupita muda mrefu kati ya mnyonyo na mnyonyo. Mama anayekaa shuleni saa 10 ameshatoka kwenye kinga hiyo. Kliniki za serikali zinatoa huduma hii bila malipo, na siku ya 42 ni wakati mzuri wa kuizungumza, akiwa peke yake na muuguzi.

Umefanikiwa kama: mtoto amekaa na mlezi kwa muda wa siku nzima ya shule, angalau mara tatu ndani ya wiki moja, akala na kulala vizuri.

## Hatua ya 4: Andika barua

Usitegemee mazungumzo. Neno la mdomo halina tarehe, na mkuu wa shule akihamishwa, ahadi yake inahama naye. Barua iwe fupi, ukurasa mmoja, bila kusimulia yaliyotokea. Jina la aliyempa ujauzito lisiandikwe humo. Hilo ni la polisi na ustawi wa jamii, na barua ya shule hupita mikononi mwa watu wengi.

Mfano wa kufuata:

> Kijiji/Mtaa wa ............
> Tarehe ............
>
> Mkuu wa Shule,
> Shule ya Sekondari ............
>
> YAH: MAOMBI YA KUREJEA MASOMONI – (JINA KAMILI LA MWANAFUNZI)
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mimi ni mzazi/mlezi wa mwanafunzi aliyetajwa, aliyekuwa Kidato cha ...... katika shule yako, mwenye namba ya PREM ............. Alikatiza masomo tarehe ............ kwa sababu ya ujauzito, na amejifungua tarehe .............
>
> Kwa kuzingatia Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, ninaomba arejee Kidato cha ...... kuanzia muhula unaoanza .............
>
> Malezi ya mtoto wakati wa masomo yameandaliwa. Ninaomba jibu kwa maandishi ili niweze kumwandaa kwa wakati.
>
> Ninaambatisha nakala za ............
>
> Sahihi, jina na namba ya simu ya mzazi/mlezi
> Sahihi ya mwanafunzi
>
> Nakala: Afisa Elimu Kata ............

Mstari wa mwisho, ule wa nakala kwa Afisa Elimu Kata, usiuache. Barua inayojulikana na ofisi mbili haipotei kirahisi kama inayojulikana na moja. Kwa shule ya msingi, badala ya Mkuu wa Shule andika Mwalimu Mkuu.

Darasa la kuomba ni lile aliloliacha. Aliyetoka katikati ya Kidato cha Pili aanze tena Kidato cha Pili tangu Januari kama muda unaruhusu. Kumrukisha ili awakute wenzake ni kumtafutia matokeo mabaya.

## Hatua ya 5: Wasilisha na ufuatilie

Peleka barua wiki 6 hadi 8 kabla muhula haujaanza. Kwa Januari, iwe shuleni kabla shule haijafungwa mwanzoni mwa Desemba. Ukifika wiki ya kwanza ya Januari unakuta ofisi imejaa wazazi wa Kidato cha Kwanza.

Nenda na nakala 3. Moja ibaki shuleni, moja ya Afisa Elimu Kata, na ya tatu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe uondoke nayo. Shule isiyo na muhuri mezani siku hiyo iandike kwa mkono "imepokelewa", tarehe, jina na sahihi. Kama kuna fomu ya shule ijaze pia, lakini barua yako ipokelewe vilevile.

Baada ya siku 14 bila jibu, rudi na nakala yako yenye muhuri na uulize kwa upole. Binti akiweza, aende nawe. Mkuu wa shule akimwona mwanafunzi mwenyewe amesimama mbele yake, mara nyingi moyo unalainika.

Umefanikiwa kama: una jibu la maandishi linalotaja darasa na tarehe ya kuripoti.

## Hatua ya 6: Ukikataliwa au ukizungushwa

Omba sababu kwa maandishi. Ombi hilo peke yake hubadilisha majibu mengi. Kisha panda ngazi moja moja, ukiambatisha kila mara nakala ya barua ya kwanza:

1. Afisa Elimu Kata.
2. Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri, au Afisa Elimu Awali na Msingi kwa shule ya msingi.
3. Mkurugenzi wa halmashauri.
4. Afisa Elimu Mkoa.
5. Kamishna wa Elimu, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, Dodoma.

Usiruke ngazi. Ukienda mkoani bila kupita wilayani, barua yako inarudishwa wilayani na wiki tatu zimekwenda. Sambamba na hayo, mshirikishe Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo haitozi gharama. Wao wanaweza kuzungumza na ofisi ya elimu kwa niaba ya mtoto.

"Darasa limejaa" ni jibu la kawaida, na pengine ni kweli. Mwitikio wake ni kuuliza: shule ipi ya karibu ina nafasi, na nani ataidhinisha uhamisho?

## Hatua ya 7: Uhamisho, kama anakwenda shule nyingine

Mabinti wengi wanataka pasipo na wanaowajua, na ombi hilo ni la haki. Shule mpya kwanza ithibitishe kwa maandishi kwamba ina nafasi, ndipo shule ya zamani itoe barua ya kumruhusu. Ndani ya halmashauri moja, shauri hili humalizwa na ofisi ya elimu ya halmashauri. Akivuka mkoa, kibali hupitia ofisi ya mkoa, hivyo ongeza mwezi mzima kwenye hesabu yako.

Karatasi zikikamilika, kazi bado. Shule ya zamani lazima imhamishe kwenye mfumo wa PREM na shule mpya impokee humo. Wazazi hawaoni mfumo huu, kwa hiyo hawaulizi, na hapo ndipo mtoto anakuwa na shule mbili kwenye karatasi na hana hata moja kwenye kompyuta.

## Hatua ya 8: Hakikisha yumo kwenye mifumo na usajili

Wiki ya pili baada ya kuripoti, mwone mwalimu wa taaluma na uulize maswali matatu haya, ukiandika majibu:

- Jina lake limo kwenye rejista ya darasa lipi, mkondo upi?
- Kwenye PREM anaonekana ni mwanafunzi wa shule hii kwa sasa, au bado anaonekana ameacha?
- Kama yuko Kidato cha Pili au cha Nne, amesajiliwa kwa mtihani wa mwaka huu?

Upimaji wa Kidato cha Pili na mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika kati ya mwishoni mwa Oktoba na Novemba, lakini usajili hufungwa miezi mingi kabla. Binti anayerudi Julai kwenye darasa la mtihani anaweza kuwa amechelewa tayari. Katika hali hiyo kubalianeni na shule, kwa maandishi, asome muhula huo kama maandalizi na arudie darasa Januari. Miezi sita ya kusoma bila mtihani si hasara. Hasara ni kugundua Oktoba.

Hakikisha pia majina yanafanana herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa, namba ya darasa la saba na PREM. Binti aliyebadilishiwa jina la ukoo wakati akiwa amekaa kwa mwanaume hukwama hapa. Jina la shule libaki lile la mwanzo.

Umefanikiwa kama: umeona kwa macho jina lake kwenye orodha, usiridhike na kuambiwa tu.

## Hatua ya 9: Miezi mitatu ya kwanza

Mwombe mkuu wa shule amteulie mwalimu mmoja wa kike, awe wa malezi au mwingine anayemwamini, ambaye binti atamwambia mtoto akiugua. Siku ya chanjo na siku ya kliniki zipelekwe kwa mwalimu huyo mapema, zisije zikaandikwa utoro.

Nyumbani, tenga saa 2 kila jioni ambazo mtu mwingine anabeba mtoto na binti hapigi deki, hachoti maji, hapiki. Familia nyingi zinampokea binti kwa sharti lisilosemwa, kwamba sasa ni mama kwa hiyo kazi za nyumba zote ni zake. Hapati pa kusomea, anashindwa, kisha inasemwa hakuwa na akili ya shule. Hilo ni dhuluma, na wa kuliondoa ni mzazi.

Angalia mahudhurio yake kila mwezi. Akikosa siku 3 mfululizo, nenda shuleni wiki hiyo hiyo.

## Kama amechagua njia mbadala

Fika kituo cha Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima mkoani kwenu kabla ya Januari na uulize kwa jina kuhusu mpango wa mabinti waliokatiza masomo, maana kituo hicho hicho kinaweza kuwa na kozi nyingine za kulipia.

Asiyekuwa amefaulu upimaji wa Kidato cha Pili anaanza na Mtihani wa Maarifa, unaojulikana kwa wengi kama QT. Bila kuufaulu hawezi kujisajili kwa mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Dirisha la kawaida la usajili hufunguliwa Januari na kufungwa mwishoni mwa Februari. Anayechelewa hulipa zaidi. Mwombaji hufika kituo cha mtihani kuchukua namba rejea, ndipo anajaza maombi kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani.

Jihadhari na vituo vya mtaani vinavyojiita vya QT. Kabla ya kulipa, omba namba ya kituo cha mtihani. Vituo vya watahiniwa wa kujitegemea vina namba inayoanza na herufi P. Asiyeweza kukutajia namba hiyo anafundisha tuition tu, na usajili utabaki juu yako. Kama binti anataka sayansi, uliza kama kuna maabara, kwa kuwa masomo hayo yana mtihani wa vitendo.

## Kesi ya aliyempa ujauzito

Sheria ya Elimu, baada ya marekebisho ya 2016, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa ujauzito mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Mahali pa kuanzia ni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na Afisa Ustawi wa Jamii anaweza kuwasindikiza. Yeye pia ndiye wa kuulizwa kuhusu matunzo ya mtoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009.

Kesi na masomo viendeshwe kama mambo mawili tofauti. Shule isisubiri kesi iishe, na familia isifute kesi ili "mambo yatulie" binti asome. Akiitwa mahakamani siku ya shule, omba hati ya wito, toa nakala, na uipeleke kwa mwalimu wake kabla ya siku hiyo.

Ikiwa upande wa mwanaume unakuja na pendekezo la ndoa, kumbuka kwamba Sheria ya Elimu hiyo hiyo inakataza kumwoa mwanafunzi, na anayesaidia kufanikisha ndoa hiyo naye anatenda kosa, hata kama ni baba mzazi.